Huduma ya Kwanza Shuleni: Sayansi ya Dakika za Mwanzo

Wahenga walinena kuwa ajali haina kinga. Methali hiyo ni kweli kwa upande mmoja: hakuna ajuaye saa wala mahali ambapo ajali itatokea. Lakini madhara ya ajali yana kinga, na sehemu kubwa ya kinga hiyo imo mikononi mwa watu walio karibu na aliyeumia katika dakika chache za mwanzo, kabla hajafikishwa kwa mganga. Shule nyingi za sekondari ziko mbali na hospitali, na hata zahanati iliyo karibu huweza kuwa mwendo wa saa nzima. Hapo walio karibu si wengine ila wanafunzi wenzake na mwalimu wa zamu.

Huduma ya kwanza ni msaada wa mara moja anaopewa mtu aliyejeruhiwa au kuugua ghafla. Malengo yake ni matatu: kuokoa uhai, kuzuia hali isizidi kuwa mbaya, na kumtayarisha mgonjwa kwa matibabu kamili. Katika Afrika Mashariki kazi ya kueneza mafunzo hayo imefanywa kwa miaka mingi na vyama vya Msalaba Mwekundu, ambavyo viliundwa kwa sheria za Bunge, mwaka 1962 kule Tanganyika na mwaka 1965 kule Kenya.

Hata hivyo, mtu aliyekariri hatua bila kujua sababu zake husahau upesi, tena hushawishika kwa urahisi kufuata desturi zenye madhara. Makala haya yanaeleza sababu hizo. Msomaji ataona kwamba karibu kila tendo la huduma ya kwanza limesimama juu ya kanuni ambayo tayari hufundishwa katika masomo ya fizikia, kemia na biolojia.

Mwokoaji asiwe majeruhi wa pili

Kabla ya kumkaribia aliyeumia, mwokoaji hana budi kujiuliza: ni kitu gani kilichomdhuru, na je, kitu hicho bado kipo?

Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230. Mkondo wake unapopita mwilini hukaza misuli, hata mkono ulioshika waya ukashindwa kuuachia. Anayemvuta mtu huyo kwa mikono mitupu huwa sehemu ya njia ya mkondo. Kwa hiyo tendo la kwanza si kumshika, bali ni kuzima umeme kwenye swichi kuu. Ikiwa haiwezekani, asimame juu ya kitu kikavu na kuusukuma waya kwa mti mkavu. Hilo lahusu umeme wa nyumbani tu. Waya wa nguzo kubwa ukianguka, watu wote wakae mbali mpaka mafundi wakate umeme.

Mashimo na visima nayo yana hatari yake. Hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa kiasi cha mara moja na nusu, hivyo huweza kutuama chini ya kisima kama maji yatuamavyo bondeni. Katika mashimo ya vyoo huwamo pia gesi nyingine zenye sumu. Aingiaye humo huzimia ghafla, anayeshuka kumwokoa naye huzimia, na wa tatu vivyo hivyo. Ndiyo maana hakuna anayepaswa kushuka bila vifaa vya kupumulia. Kinachotakiwa ni kuita kikosi cha zimamoto na kuwazuia wengine.

Kadhalika kwa anayezama. Mtu anayezama humng'ang'ania yeyote amfikiaye, na wote wawili hushuka pamoja. Afadhali kumnyoshea mti mrefu au kumrushia kitu kielee. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara lafaa sana. Kwa kanuni ya Archimedes, dumu hilo likizama lote husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa kilo 20 za maji, ilhali lenyewe lina uzito wa kilo moja hivi. Mwili wa mtu nao una uzito unaokaribiana na ule wa maji yanayotoshana nao. Wahitaji msaada wa kilo chache tu ili kichwa kibaki juu. Shule iliyo kando ya ziwa, mto au bahari yafaa iwe na dumu la aina hiyo lililofungiwa kamba.

Hewa na moyo

Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Nao hauna ghala la kuihifadhi. Oksijeni ikikatika, chembe hai za ubongo huanza kufa baada ya dakika zipatazo nne. Hakuna gari linaloweza kumfikisha mgonjwa hospitali kwa muda huo, kwa hiyo hewa na moyo hutangulia mambo mengine yote.

Mtu akionekana amelala bila kujitambua, aitwe kwa sauti na kuguswa mabegani. Asipoitika, kifua chake kitazamwe kwa muda usiozidi sekunde 10. Ikiwa anapumua vizuri, alazwe kwa ubavu na kichwa kirudishwe nyuma kidogo. Sababu ni kwamba fahamu zikipotea misuli hulegea, na ulimi wa mtu aliyelala chali huangukia nyuma na kuziba koo. Akiwa amelala ubavu, ulimi hubaki mahali pake na matapishi hutoka nje badala ya kuingia mapafuni. Kwa sababu hiyo hiyo ni kosa kubwa kumnywesha maji mtu aliyezimia: hawezi kumeza, na maji hayo hufuata njia ya hewa.

Ikiwa hapumui, au anatweta kwa nadra kama mtu anayekata roho, msaada uitwe na kifua kianze kukandamizwa mara moja. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Mgonjwa hulazwa chali juu ya kitu kigumu. Mwokoaji huweka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu ya wa kwanza, viwiko vikiwa vimenyooka, kisha hukandamiza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akikiachia kifua kiinuke kikamilifu kila mara. Moyo umekaa kati ya mfupa wa kifua na uti wa mgongo. Ukibanwa, damu hutoka, na vali zake huizuia isirudi nyuma. Aliyefunzwa hupuliza pumzi 2 kila baada ya kukandamiza mara 30. Pumzi itokayo mapafuni bado ina oksijeni kiasi cha asilimia 16, ikilinganishwa na asilimia 21 ya hewa ya kawaida, nayo yatosha kumwokoa mtu.

Aliyezama majini huhitaji pumzi hizo zaidi kuliko wengine, kwa kuwa kilichomwangusha ni ukosefu wa hewa. Desturi ya kumning'iniza kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke hupoteza dakika zenye thamani, tena huleta chakula cha tumboni kwenye njia ya hewa.

Damu na majeraha

Mtu mwenye uzito wa kilo 60 ana damu ipatayo lita 4. Akipoteza nusu lita, mwili hujirekebisha wenyewe, kama watoaji wa damu wanavyoshuhudia. Akipoteza zaidi ya theluthi moja, maisha yake yamo hatarini.

Njia bora ya kuzuia damu ni kukandamiza jeraha lenyewe kwa kitambaa safi, bila kuachia, kwa dakika 10. Wengi hukosea kwa kufunua kila mara ili kutazama. Damu inapokutana na mshipa uliokatika, chembe zake ndogo hushikamana, kisha nyuzi za protini hufumwa juu yake kama wavu na kuziba tundu. Kazi hiyo yahitaji dakika kadhaa za utulivu; kitambaa kikiinuliwa, wavu huchanika na kazi huanza upya. Damu ikipenya, kitambaa cha pili kiwekwe juu ya cha kwanza. Kitu kilichochoma na kubaki ndani, kama kipande cha chuma, kisichomolewe, kwani huenda ndicho kinachoziba mshipa.

Kufunga mkono au mguu kwa nguvu juu ya jeraha ni jambo la mwisho kabisa, damu inaporuka kwa mapigo na kukandamiza kumeshindikana. Hapo hutumiwa kitambaa kipana, wala si kamba nyembamba, nayo saa ya kufunga huandikwa ili mganga aijue. Kisilegezwe mpaka afike kwake.

Ugoro, majivu, udongo na samadi visiwekwe kabisa juu ya jeraha. Vijidudu vya pepopunda huishi udongoni na katika kinyesi cha wanyama, navyo hustawi palipo na jeraha refu lisilopata hewa. Mwokoaji naye ajikinge kwa glavu, au kwa mfuko safi wa plastiki, kwa kuwa virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini huweza kuwamo katika damu.

Mwanafunzi anayetokwa na damu puani ainamishe kichwa mbele, si nyuma, na kubana sehemu laini ya pua kwa dakika 10. Akiinua kichwa, damu haikomi, bali huteremka kooni na kumtapisha.

Moto, maji ya moto na kemikali

Ute wa yai ukipata joto hugeuka kuwa mweupe na mgumu, wala haurudi tena hali yake ya kwanza. Ute huo ni protini, na ngozi ya mtu imejengwa kwa protini pia. Jambo lisilofahamika na wengi ni kuwa moto ukishaondolewa, joto lililokwisha kuingia ngozini huendelea kusafiri kuelekea ndani, likiunguza tabaka za chini. Maji yana uwezo mkubwa wa kubeba joto kupita vimiminika vingi vya kawaida. Kwa hiyo mahali palipoungua pamwagiwe maji safi, ya baridi ya kawaida, yanayotiririka, kwa dakika 20. Hata kama saa mbili au tatu zimepita, bado kuna faida. Barafu haifai, kwani hubana mishipa midogo ya damu na kuidhuru ngozi iliyokwisha kudhoofika. Mafuta, dawa ya meno na yai bichi navyo havifai: havilitoi joto, tena huleta uchafu ambao baadaye mganga hulazimika kuubandua. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla ya uvimbe, na malengelenge yasitumbuliwe.

Katika maabara, mwanafunzi aliyemwagikiwa asidi huweza kukumbuka kwamba asidi na alkali huzimana. Kanuni hiyo ni ya kweli katika chupa ya majaribio, lakini haifai juu ya ngozi, kwa sababu kuzimana huko hutoa joto, wala hakuna awezaye kupima kiasi kinachohitajika. Dawa ni maji mengi. Jicho lioshwe kwa muda usiopungua dakika 15, kope zikiwa zimefunuliwa, maji yakielekezwa kutoka upande wa pua kwenda nje ili jicho la pili lisiathirike. Unga wa chokaa ambayo haijazimwa ni tofauti kidogo: hupanguswa kwanza ukiwa mkavu, kisha ndipo yafuate maji mengi, kwa kuwa chokaa hiyo ikikutana na maji machache huchemka.

Nguo zikishika moto, mwanafunzi asikimbie. Miali ya moto hupanda juu, na anayesimama huiletea uso wake. Anayekimbia huiongezea hewa. Alale chini, abingirike, wenzake wamfunike kwa blanketi nzito. Mafuta yanayowaka jikoni nayo yasimwagiwe maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, hivyo huzama, hugeuka mvuke ghafla na kutanuka zaidi ya mara 1,600, yakiyarusha mafuta yawakayo huku na huku. Sufuria ifunikwe tu.

Bweni linastahili tahadhari ya pekee. Mwaka 1994 moto katika Shule ya Sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro, uliua wasichana zaidi ya 40. Mwaka 2001 wanafunzi 67 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, wilayani Machakos, ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yalikuwa na nondo. Hakuna huduma ya kwanza iwezayo kuchukua nafasi ya mlango ulio wazi. Mshumaa usiwashwe bwenini, na milango miwili ifunguke kwa ndani bila ufunguo wakati wote wa usiku.

Kuumwa na nyoka

Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi ya kitropiki yaliyosahauliwa, lakadiria kuwa watu wapatao milioni 5.4 huumwa kila mwaka, na kwamba kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Sumu ya kifutu huharibu nyama za mwili na kusababisha uvimbe mkubwa. Ile ya koboko hupooza misuli, pamoja na ile ya kupumulia.

Sumu nyingi husafiri katika mishipa ya limfu, ambayo haina moyo wa kuisukuma. Husukumwa na misuli inapotembea. Kutokana na hilo, aliyeumwa atulizwe, alazwe, na kiungo chake kifungiwe ubao kama kilichovunjika, kisha achukuliwe kwa machela au chombo, asitembee. Kuchanja, kunyonya na kubandika jiwe jeusi hakuondoi sumu, ila huongeza majeraha na kupoteza muda. Kamba iliyokazwa huzuia damu, na sumu ya kifutu iliyofungiwa mahali pamoja huozesha kiungo chote. Dawa ya kweli ni dawa maalumu ya kupambana na sumu itolewayo hospitali. Swila akitema sumu machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Kifafa na kuzimia

Hofu ya kifafa imeleta madhara mengi kama ugonjwa wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall alipoanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, alikuta watu waliokuwa na makovu makubwa ya moto kwa sababu waliangukia mekoni, na jamaa waliogopa kuwagusa wakidhani povu la mdomoni huambukiza. Povu hilo ni mate tu. Kifafa hutokana na mshtuko wa umeme ulio katika chembe hai za ubongo, wala hakiambukizi kwa mguso.

Mwanafunzi akianguka, aondolewe karibu na moto na vitu vigumu, awekewe nguo laini chini ya kichwa, na saa itazamwe. Asishikiliwe kwa nguvu, wala asitiwe kijiko kinywani; hakuna mtu anayemeza ulimi wake, bali wapo waliovunjwa meno. Mtikisiko ukikoma alazwe ubavu. Ukizidi dakika 5, apelekwe hospitali haraka.

Kuzimia mstarini asubuhi ni jambo jingine. Mtu akisimama wima muda mrefu juani, damu hutuama miguuni na ubongo hupungukiwa. Kuanguka kwenyewe ni njia ya mwili ya kurudisha damu kichwani. Wenzake wasimwinue kumsimamisha, bali wamwache alale na kuinua miguu yake.

Mkaa na mafuta ya taa

Jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Himoglobini ya damu huivutia gesi hiyo zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo aliyelala hupungukiwa oksijeni bila kuamka. Aliyekutwa hivyo atolewe nje penye hewa, apelekwe hospitali. Jiko lisilale chumbani kamwe, hata wakati wa baridi ya Makete au Lushoto.

Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa asitapishwe. Mafuta hayo ni mepesi mno. Yakipanda tena kooni huteleza kwa urahisi hadi mapafuni, na huko ndiko yaleteako hatari kubwa kuliko tumboni. Yasihifadhiwe kamwe katika chupa za soda.

Wajibu wa shule

Sanduku la huduma ya kwanza halihitaji fedha nyingi: bendeji, shashi, vitambaa safi vya pembe tatu, glavu, mkasi, plasta na sabuni. Lisifungwe kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko nyumbani kwa mwalimu. Ukutani pabandikwe namba za simu za zahanati, polisi na zimamoto, pamoja na jina la mwenye chombo cha usafiri kilicho karibu.

Walimu wa sayansi waweza kuyaingiza mambo haya katika vipindi vyao. Wanafunzi wapime lita 4 za maji katika ndoo, kisha wamwage theluthi yake na kuona ni kiasi gani. Wahesabu mapigo ya moyo kabla na baada ya kukimbia. Wajaribu ni mawe mangapi dumu lililofungwa laweza kuyaelea majini. Wajizoeze kukandamiza kwa mdundo ulio sawa juu ya mfuko uliojazwa mchanga, wala si juu ya kifua cha mtu mwenye afya. Mazoezi hayo hayatimizi nafasi ya mafunzo kamili chini ya mkufunzi, lakini huandaa akili na mikono. Siku ajali itakapotokea, hapatakuwa na nafasi ya kufungua kitabu. Kitakachotumika ni kile ambacho mwanafunzi alikielewa na kukizoea kabla ya siku hiyo.